Walibora: Msimulizi wa watoto wa bara

KITENGELA ni mji ambao wengi wa wakazi wake hawana makaburi ya babu zao humo. Uliota kando ya barabara kuu ya Nairobi kwenda Namanga, katika mbuga walimolishia Wamaasai mifugo yao, na sensa ya mwaka 2019 ilihesabu humo zaidi ya watu 154,000. Kaunti nzima ya Kajiado ilitoka watu 687,312 mwaka 2009 hadi 1,117,840 katika muda wa miaka kumi tu.

Mtoto anayelelewa mtaani Noonkopir husikia Kimaasai, Kikamba, Kikuyu, Kijaluo au Kibukusu nyumbani. Akitoka nje hukuta Kiswahili kilichovaa Sheng. Akiingia darasani hutakiwa ajue Kiswahili sanifu, ambacho kwa miaka mingi vitabu vyake vya hadithi vilinukia chumvi ya bahari. Aliyevisoma alihisi amealikwa ugenini, tena katika nyumba ambayo wenyewe hawachoki kumkumbusha kuwa Kiswahili kina wenyewe.

Mwandishi aliyefanya mengi kuuondoa ugeni huo ni marehemu Profesa Ken Walibora.

Walibora hakuwa mtu wa pwani. Alikuwa Mbukusu, mzaliwa wa Bungoma, aliyekulia Cherangany katika eneo la Trans Nzoia, mahali ambapo jamii kadhaa zinapakana na kugombania ardhi. Kiswahili kwake kilikuwa lugha ya kujifunza, kama kilivyo kwa mtoto wa Isinya au wa Ilbisil.

Riwaya yake ya kwanza, Siku Njema, ilitoka mwaka 1996. Mhusika mkuu, kijana anayeitwa kwa lakabu Kongowea Mswahili, anaanzia Tanga na kusafiri kumtafuta baba asiyemjua, safari inayomfikisha bara, upande wa Kitale. Yafaa kuutazama mwelekeo wa safari hiyo. Msomaji wa bara alizoea kupelekwa pwani ili akutane na Kiswahili kizuri, ilhali hapa ni Kiswahili kizuri kinachopanda gari na kumfuata msomaji kwake, kikipita katika miji anayoijua kwa majina.

Mafanikio ya kitabu hicho yangeweza kumfanya abaki na riwaya za watu wazima peke yake. Hakufanya hivyo. Mwaka 2001 alitoa Ndoto ya Amerika, hadithi ya vijana wadogo waliotekwa na tamaa ya kwenda ng'ambo, kisha vikafuata vitabu vingine vya wasomaji chipukizi, vikiwemo Ndoto ya Almasi na Kisasi Hapana. Tuzo ya Fasihi ya Jomo Kenyatta ilimtambua zaidi ya mara moja.

Wapo wahakiki wanaoviona vitabu vya watoto kuwa kazi ya mkono wa kushoto. Ni dharau isiyo na msingi. Katika fasihi ya Kiarabu, Zakaria Tamer, aliyezaliwa Damascus mwaka 1931, akaacha shule akiwa mdogo na kufanya kazi ya uhunzi, anahesabiwa miongoni mwa mabingwa wa hadithi fupi. Mtu huyo huyo amewaandikia watoto hadithi nyingi mno, na hakuna anayemshushia hadhi kwa sababu hiyo.

Kwa Walibora pia, hadithi fupi na kitabu cha mtoto vilitoka katika karakana moja: sentensi nyepesi, tukio linaloanza mapema, na swali gumu lililofichwa ndani ya kisa kinachoonekana chepesi. Hata Kufa Kuzikana ya mwaka 2003, inayohusu urafiki unaojaribiwa na chuki za kikabila, husomeka upesi kama kisa cha vijana. Nchi ilikuja kuikumbuka kwa uchungu baada ya ghasia za uchaguzi wa Desemba 2007.

Hata hivyo, ni mtihani uliomfikisha kila mahali. Karatasi ya tatu ya Kiswahili katika KCSE hutahini fasihi, na miongoni mwa vitabu vyake vya lazima huwa kuna diwani ya hadithi fupi. Kati ya mwaka 2013 na 2017 diwani hiyo ilikuwa Damu Nyeusi na Hadithi Nyingine, ambayo Walibora aliihariri pamoja na Said Ahmed Mohamed wa Zanzibar. Hadithi iliyoipa jina ni yake, na inamfuata Fikirini, mwanafunzi Mwafrika anayeonja ubaguzi Marekani. Katika miaka hiyo hiyo riwaya teule ilikuwa Kidagaa Kimemwozea, nayo yake.

Kuanzia 2018 hadi 2022 zamu ilikuwa ya Tumbo Lisiloshiba na Hadithi Nyingine. Wahariri walikuwa wengine, lakini ndani yake mlikuwa na hadithi ya Walibora, Nizikeni Papa Hapa. Kwa hiyo kwa miaka kumi mfululizo hakuna mtahiniwa wa kidato cha nne, awe Kitengela, Kajiado mjini au Namanga, aliyetakiwa kufanya karatasi hiyo bila kukutana naye.

Nizikeni Papa Hapa ndiyo inayougusa mji kama Kitengela moja kwa moja. Otii, mchezaji kandanda aliyeugua mjini, anaomba azikwe pale pale anapofia. Watu wa jamii yake hawataki kusikia. Wanachanga pesa, wanaibeba maiti kuelekea kwao, na njiani ajali inaua wengine waliokuwa wazima. Mwandishi hatoi hukumu. Anaacha lile ombi la marehemu lining'inie.

Katika mji wa wahamiaji, ambako michango ya kusafirisha maiti ni jambo la kawaida na ambako mtu hununua ploti, akajenga, akazaa, na bado akasema "nyumbani" akimaanisha kwingine, hadithi hiyo haimhitaji mwalimu kuifafanua. Mwanafunzi ameshaiona.

Kajiado, kwa hakika, si kaunti ngeni kwa Kiswahili. Wallah bin Wallah, mtunzi wa vitabu vya Kiswahili Mufti vilivyotumiwa sana katika shule za msingi, aliweka kituo chake cha lugha Matasia, karibu na Ngong. Mtoto aliyejengewa sarufi na Wallah ndiye aliyempokea Walibora alipofika sekondari.

Walibora mwenyewe alikuwa pia mtangazaji wa habari katika televisheni ya Nation na mwandishi wa makala katika Taifa Leo. Alipata shahada ya uzamifu katika Chuo Kikuu cha Ohio State kwa utafiti kuhusu maandishi ya wafungwa wa kisiasa nchini Kenya, akafundisha Chuo Kikuu cha Wisconsin-Madison, kisha akarejea. Mwaka 2014 alichapisha tawasifu, Nasikia Sauti ya Mama.

Aprili 10, 2020, siku ya Ijumaa Kuu, aligongwa na matatu katika barabara ya Landhies, Nairobi. Mwili wake ulilala siku kadhaa katika Hospitali Kuu ya Kenyatta kabla ya jamaa na marafiki waliokuwa wakimtafuta kujua uliko.

Siku nne kabla ya ajali hiyo serikali ilikuwa imepiga marufuku watu kuingia na kutoka katika eneo la jiji la Nairobi na viunga vyake kwa sababu ya virusi vya corona, na Kitengela ilikuwa ndani ya mpaka huo. Wasomaji wake wa huko hawangeweza kwenda kumzika. Mwili ulisafirishwa hadi Cherangany, Trans Nzoia, ukazikwa mwezi huo huo mbele ya waombolezaji wachache.