Mtetemo wa Umeme katika Mota: Sababu Zake na Majina Yake

Kiswahili hakina uchache wa maneno ya kueleza kitu kisichotulia. Mwenye homa hutetemeka, mti hutikisika, chombo huyumba baharini, nyuki huvuma, na jipu hupwita. Kila neno lina mahali pake. Lakini mara mitambo ya umeme itajwapo, utajiri huo husahauliwa, na kila hitilafu huitwa "kutetemeka" tu. Kosa hili si la lugha peke yake, kwani fundi aliyeambiwa neno lisilo wazi huweza kutibu ugonjwa usiokuwapo.

Mota ya induksheni ina sehemu mbili kubwa. Ya nje, iitwayo stata, haizunguki, nayo ndiyo ipatayo umeme kwa waya. Ya ndani, iitwayo rota, haiungwi kwa waya wowote. Nguvu ya sumaku izungukayo katika stata huamsha umeme katika fito za shaba au aluminiamu zilizomo ndani ya rota, na hivyo rota huvutwa kuifuata, lakini daima hubaki nyuma kidogo. Mota ya ncha mbili, kwa umeme wa mizunguko 50 kwa sekunde kama utumikao Kenya, Uganda na Tanzania, ina sumaku izungukayo mara 3,000 kwa dakika, na rota yake huweza kuzunguka mara 2,970.

Asili ya mtetemo wa umeme ni kwamba sumaku huvuta chuma kwa ncha zote mbili sawasawa. Katika kila mzunguko mmoja wa umeme mvuto hufikia kilele mara mbili, yaani mara 100 kwa sekunde. Huo ndio mvumo usikikao hata katika mota isiyo na ila.

Mvumo huwa dhara pale ambapo mwanya ulio kati ya stata na rota hauwi sawa pande zote. Ukiwa sawa, mivuto ya pande zinazoelekeana hufutana. Ukiwa mwembamba upande mmoja, upande huo hushinda. Hayo hutokea, kwa mfano, miguu ya mota isipokaa sawasawa juu ya msingi, kwani bolti zikikazwa fremu hupindika. Kadhalika mvumo huzidi bati za stata zikilegea, au volti za nyaya tatu zikitofautiana.

Aina ya pili hutoka katika rota. Fito ikikatika, au rota isipokuwa duara kamili, ila hiyo huzunguka pamoja na rota, na ncha za sumaku huipita polepole. Katika mota iliyotajwa rota huchelewa mizunguko 30 kwa dakika. Kwa kuwa ncha ni mbili, ila hupitwa mara 60 kwa dakika, yaani mara moja kila sekunde. Mtetemo basi hupanda na kushuka kama mshipa wa damu, na neno lifaalo ni mpwito. Ikiwa sababu ni fito iliyokatika, mpwito huongezeka mzigo uongezekapo.

Hata hivyo mpwito peke yake si ushahidi kamili. Ila ya mashine yenyewe irudiayo mara mbili katika kila mzunguko wa rota, yaani mara 99 kwa sekunde, ikikutana na mvumo wa mara 100, huleta mpwito uo huo. Hapo dawa ni kukata umeme ghafula. Mtetemo wa umeme hutoweka papo hapo. Ule wa mashine hupungua kidogo kidogo kadiri mwendo upunguavyo.

Basi yafaa "mtetemo" libaki jina la jumla, na chini yake yatofautishwe mvumo, wa mara 100 kwa sekunde. Mpwito, upandao na kushuka. Na mtikisiko, utokao katika uzito usiolingana. Fundi aambiwaye "mota inapwita" atazichungulia fito kabla ya kuusawazisha uzito wa rota. Aambiwaye "inatetemeka" huenda akaisawazisha siku nzima, hali fito moja iliyokatika inazidi kuzichosha jirani zake hata nazo zikatike.