Kuhifadhi Nyama ya Mawindo Wakati wa Joto

Wengi wetu tulio hapa Kagarama twaijua nyama kwa njia mbili tu: ile inunuliwayo sokoni, na mishikaki ya mbuzi iliwayo jioni. Basi huenda mtu akauliza, "Habari za mawindo zatufaa nini sisi watu wa Kigali?" Mimi pia nilikuwa na fikira hiyo hiyo mpaka nilipomaliza shule nikaenda kumtembelea mjomba wangu katika pande za Tabora, Tanzania. Huko nilipata somo ambalo sikulipata darasani, na nimeona si vema kulificha.

Mjomba alikuwa na kibali cha kuwinda. Ilikuwa mwisho wa kiangazi, na mchana joto lilipita digrii 30. Saa nne asubuhi alimpiga kongoni mmoja mkubwa. Tulimtoa matumbo upesi, lakini ngozi hatukuichuna, kwa kuwa tulidhani italinda nyama isiingie vumbi. Tukampakia garini, tukamfunika kwa turubai, kisha tukazunguka porini kutwa nzima tukitafuta mnyama wa pili. Hatukumpata. Tulifika nyumbani saa mbili usiku, na majirani walikuwa wamekwisha kukusanyika uani na masufuria yao.

Mjomba alipokata paja, kwa nje nyama ilikuwa nyekundu na nzuri. Lakini kisu kilipofika kwenye mfupa, harufu ilitoka ambayo hata mbwa walisimama. Mapaja yote mawili yalikuwa yameharibika kwa ndani, na bega moja pia. Tulichimba shimo tukazika karibu nusu ya nyama. Majirani wengi walirudi kwao mikono mitupu. Mzee mmoja, aliyekuwa mwindaji zamani, alitutazama akasema, "Mnyama huyu mmemwua mara mbili: kwanza kwa risasi, kisha kwa uvivu." Mjomba hakujibu neno. Kesho yake asubuhi nilikwenda kumwamkia mzee huyo, nikamwomba anieleze kosa letu lilikuwa wapi. "Keti, mwanangu," akasema, "kosa lenu lilikuwa ngozi na turubai." Maneno yake, pamoja na yale niliyojifunza baadaye, ndiyo niyaandikayo hapa.

Kwa nini nyama huoza

Mnyama aliye hai ana joto la digrii 38 au 39 mwilini mwake. Akifa, joto hilo halitoki mara moja. Hutoka polepole kwa kupitia nje, kama vile chungu cha uji kinavyopoa kwanza kandokando, huku katikati kukiwa bado kwamchoma mtu ulimi. Basi sehemu nene, hasa paja karibu na mfupa wa nyonga, ndizo za mwisho kupoa. Ngozi yenye manyoya ni blanketi, na turubai letu lilikuwa blanketi la pili.

Katika joto hilo vijidudu viitwavyo bakteria hupata raha kubwa. Huzaana upesi katika chakula chenye joto la kati ya digrii 5 na 60, na vikipata joto, maji na chakula vya kutosha, baadhi yao huweza kuongezeka mara dufu kila dakika 20. Wanafunzi wa hesabu na wafanye hesabu hii: kijidudu kimoja, baada ya saa moja ni 8, baada ya saa mbili ni 64, na baada ya saa sita ni 262,144. Sisi tulimwacha kongoni wetu kwa saa kumi.

Kwa hiyo adui za nyama ni watatu: joto, unyevu na uchafu. Kila jambo ambalo mwindaji hodari hulifanya ni kwa ajili ya kumfukuza mmoja wa hao.

Saa ya kwanza

Kwanza, hesabu njia kabla ya kupiga. Mwindaji asiyejua gari liko wapi, wala nani atamsaidia kubeba, asifyatue risasi wakati wa joto. Tena yampasa alenge kifuani, si tumboni, kwa sababu risasi ikipasua utumbo, uchafu wote humwagika juu ya nyama.

Pili, mnyama na atolewe matumbo mara moja, wala isipite saa moja. Matumbo ya mnyama mwenye kucheua yamejaa majani yanayochacha, nayo huendelea kutoa joto na hewa hata baada ya mnyama kufa. Mwenye kisu apasue ngozi ya tumbo kwa uangalifu, akiweka vidole viwili chini ya makali ili asitoboe utumbo wala kibofu. Kama vimetobolewa, nyama iliyochafuka ikatwe na kutupwa, haitoshi kuifuta.

Tatu, ngozi ichunwe pale pale, isipokuwa kama barafu iko karibu sana. Hapa ndipo tulipokosa sisi. Vumbi laweza kukwanguliwa kwa kisu, lakini joto lililokwisha kuozesha mfupani halikwanguliki.

Nne, mnyama mkubwa na akatwe vipande: mapaja mbali, mabega mbali, mbavu mbali, na shingo mbali. Vipande vidogo hupoa upesi kuliko mwili mzima. Kama safari ni ndefu, afadhali paja lipasuliwe mpaka mfupani, ili joto lililojificha huko lipate mlango wa kutokea.

Kivuli, upepo na ukavu

Vipande vikiisha kukatwa, vitundikwe kivulini penye upepo, visigusane. Upepo hufanya kazi mbili. Kwanza huchukua joto. Pili hukausha uso wa nyama mpaka ukafanya utando mgumu kidogo, na juu ya utando huo vijidudu havistawi wala inzi hawapendi kutaga mayai yao. Nyama ifunikwe kwa kitambaa chepesi kinachopitisha hewa, mfano wa chandarua safi. Mfuko wa nailoni ni adui, maana hufungia joto na jasho pamoja. Katika Rwanda mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku mwaka 2008 kwa ajili ya usafi wa nchi. Mwenye nyama ana sababu yake nyingine ya kuikataa.

Watu wengi hupenda kuosha nyama kwa maji ya bwawa au ya mto. Hilo si jema. Maji hayo yana vijidudu vyake, na unyevu unaobaki juu ya nyama ndio vinaoutaka. Ikiwa lazima kuosha, yatumike maji safi ya kunywa, kisha nyama ifutwe mpaka ikauke.

Usiku nao ni rafiki. Hata hapa Kigali, mchana joto hufika digrii 27 hivi, lakini usiku hushuka mpaka 15 au 16. Anayewinda jioni na kuitundika nyama uchi usiku kucha amepata msaada wa bure. Lakini asijidanganye: digrii 15 si baridi ya kuhifadhi nyama kwa siku nyingi. Ni nafasi tu ya kufika nyumbani.

Hesabu ya barafu

Siku hizi wawindaji wengi huchukua barafu katika sanduku lisilopitisha joto. Je, barafu kiasi gani yatosha? Tufanye hesabu. Kilo moja ya barafu ikiyeyuka humeza joto sawa na lile la kupasha moto kilo moja ya maji kutoka digrii 0 mpaka 80. Sasa tuna kilo 50 za nyama zenye digrii 38, nasi twataka zishuke mpaka digrii 4. Hizo ni digrii 34. Nyama hubeba joto pungufu kidogo kuliko maji, kama sehemu 83 katika 100. Basi 50 mara 34 mara 0.83 ni 1,411. Gawanya kwa 80, wapata kilo 18 karibu. Na hiyo ni kama sanduku halivuji joto hata kidogo, jambo ambalo haliwezekani. Kwa hiyo mtu mwenye busara huchukua kilo 30 au zaidi, naye huyatoa maji yanayoyeyuka ili nyama isiogelee ndani yake.

Kukausha: hekima ya wazee

Je, asiye na barafu afanyeje? Afanye kama walivyofanya wazee. Nyama mbichi ina maji robo tatu hivi ya uzito wake. Ukiyatoa maji hayo, vijidudu hukosa kinywaji, na nyama huweza kukaa muda mrefu. Watu wa pwani hufanya ng'onda za papa kwa chumvi na jua. Waganda wana mukalo wao, na watu wa kaskazini mwa Kenya wana nyirinyiri, yaani vipande vilivyokaushwa, vikakaangwa na kuhifadhiwa ndani ya mafuta. Wote wamefikia ukweli ule ule kwa njia mbalimbali.

Namna yake ni hii. Ondoa mafuta, kwa kuwa mafuta hayakauki bali huchacha. Kata nyama iwe mikanda mirefu, unene wake usipite kidole kidogo. Ipake chumvi pande zote. Chumvi huvuta maji kutoka ndani na kuwazuia vijidudu. Itundike juani penye upepo, au juu ya uchaga wenye moto mdogo wa kuni kavu chini yake. Moshi hufukuza inzi na kusaidia kuhifadhi, lakini moto usiwe mkali, usije ukapika nje na kuacha ndani mbichi. Mkanda uliokauka vema ukiukunja hupasuka, wala hautoi maji. Weka mahali pakavu, na kabla ya kula uchemshe sana. Sisi wa Kigali tukumbuke ya kuwa, kwa sababu ya urefu wa milima yetu, maji huchemka kwenye digrii 95 hivi, si 100. Basi tuiache nyama jikoni muda mrefu zaidi.

Nyama isiyoliwa

Nyama yenye utelezi, yenye rangi ya kijani, au yenye harufu mbaya karibu na mfupa, itupwe. Usiifiche kwa pilipili na kitunguu saumu. Moto huua vijidudu vingi, lakini sumu ambayo baadhi yao wameiacha haivunjwi na moto wa jikoni.

Kuna hatari kubwa kupita hiyo, nayo ni mnyama aliyekutwa amekufa. Mwaka 2004 na 2005 ugonjwa wa kimeta uliua viboko zaidi ya 200 katika mbuga ya Queen Elizabeth, Uganda. Kimeta hushika watu pia. Mnyama aliyekufa mwenyewe, hasa akitoka damu puani au mdomoni, asiguswe, asipasuliwe, wala asiliwe. Habari zipelekwe upesi kwa daktari wa mifugo au kwa wakuu wa mahali hapo.

Tena nisieleweke vibaya: siwatumi vijana porini. Katika Rwanda kuwinda au kutega wanyama wa pori bila ruhusa ni kosa kwa sheria. Mbuga ya Akagera, iliyotengwa mwaka 1934, ilipoteza simba wake wote, ikaletewa wengine mwaka 2015, na faru weusi mwaka 2017. Mtego wa waya hauchagui kati ya swala na simba. Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977. Tanzania iliufunga mwaka 1973, ikaufungua tena mwaka 1978. Hata hivyo mwenye kuwinda huko lazima awe na kibali.

Somo kwa Kagarama

Basi, mtu asiyewinda amepata nini? Amepata sheria ile ile kwa ajili ya jikoni kwake. Anayenunua mbuzi asubuhi, akaifunga nyama na kuiacha chini ya kiti cha gari mpaka jioni, amefanya kosa la mjomba wangu. Mama anayepika sufuria kubwa ya nyama kwa ajili ya arusi, akaifunika ingali moto na kuiacha mpaka kesho, ameitengenezea katikati ya sufuria paja la kongoni. Afadhali chakula kigawanywe katika sahani pana, kipoe upesi, kisha kiwekwe penye baridi. Na siku ya pili kichemshwe tena mpaka kitokote. Asiye na friji na anunue nyama ya siku moja tu.

Mimi kila nikiona nyama iliyofunikwa ikiwa bado na joto, hukumbuka lile shimo tulilochimba usiku, na wale majirani waliorudi na masufuria matupu. Mnyama yule alikuwa na afya, na risasi ilikuwa ya halali. Kilichokosekana ni kisu cha kuchunia na saa moja ya kazi. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Sisi ukuta hatukuujenga, tulichimba shimo. Nanyi, wenzangu, zibeni ufa mapema.