Sindano Mbili, Uzi Mmoja: Mkoba wa Baba Ulivyonifunza Kushona Ngozi

Marehemu baba yangu alikuwa na mkoba wa ngozi aliotilia msahafu na vitabu vyake vya kusomeshea chuoni. Ulishonwa Siyu, katika kisiwa cha Pate, kabla sijazaliwa. Nilipokuwa mtoto ndimi niliyeuchukua, nikimfuata nyuma asubuhi na jioni, na ukanda wake ulinikata bega mara nyingi kuliko bakora yake.

Mwaka juzi mshono wa ubavu mmoja ulianza kuachia, kiasi cha vidole vitatu tu. Nikaupeleka kwa mtu mmoja mjini mwenye cherehani kubwa ya viatu. Nusu saa haikutimia, nikarudishiwa mshono umenyoka kama mstari wa rula. Nikalipa, nikashukuru. Ramadhani haijaandama, ubavu mzima ukapasuka kutoka juu hadi chini, nao msahafu ukaanguka chini mbele ya wageni. Sijapata kuona haya kama siku ile.

Ndipo nilipomwendea mzee mmoja mzaliwa wa Siyu, ashonaye makubadhi na mishipi kwenye baraza ya nyumba yake. Aliugeuza mkoba, akapitisha ukucha juu ya matundu.

"Mwanangu," akaniuliza, "hapa umeshonewa au umetobolewa?"

Matundu yalikuwa yamesongamana kama yale ya kuchania stampu, na ngozi ilikuwa imechanika papo hapo kama stampu. Nikamwomba aushone. Akakataa.

"Huu ni wa babako, utaushona wewe. Lakini kwanza uharibu vipande vingine. Nguo ukikosea hufumua, ngozi tundu lake halizibiki."

Na ngozi iliyosalia ubavuni ilitosha kukatwa upana wa kidole kimoja, isizidi. Basi nafasi ilikuwa moja.

Somo la kwanza lilikuwa kuijua ngozi yenyewe. Nyingi ziuzwazo leo zimetengenezwa kwa chumvi za kromu, njia ambayo Augustus Schultz wa New York aliipatia hati ya uvumbuzi mwaka 1884. Ni laini, haziogopi sana maji, na kazi yake huisha upesi. Ya zamani ni ile iliyolowekwa katika maji ya magome ya miti. Kuzitenganisha si kazi: tia tone la maji, kisha kandamiza kwa ukucha. Ya magome hunywa maji, ikageuka rangi na kushika alama. Ya kromu hurejea kama ilivyokuwa. Anayeanza na atafute ya magome, kwa kuwa hukatika vizuri, na kingo zake hukubali kusuguliwa zikang'ara.

Hapa nina la kukiri. Sisi tuliosomeshwa fiqhi chuoni tulihifadhi kwamba, katika madhehebu ya Shafii, ngozi ya mnyama aliyekufa bila kuchinjwa hutahirika kwa kudabaghiwa, isipokuwa ya mbwa na ya nguruwe. Na kwamba kudabaghi ni kwa kitu chenye ukakasi, si kuianika juani au kuipaka chumvi tu. Miaka yote niliyataja hayo kama kasuku. Mzee akanipa kipande cha gome la mkandaa, akaniambia nikitafune. Ulimi ulinikunjamana na kinywa kikanikauka. "Ndio ukakasi huo," akasema. "Unavyokukaza ulimi, ndivyo unavyoikaza ngozi isioze." Kumbe mabaharia na wakata boriti walikuwa wakiujua mlango huo wa kitabu kuliko mimi! Magome ya mikoko ya pwani yetu, mwanzoni mwa karne ya 20, yalikuwa yakipakiwa merikebuni kwenda ng'ambo kwa kazi hiyo hiyo. Lakini msomaji asikimbilie mikokoni na panga. Mti uliochunwa gome pande zote hufa, na kukata mikoko bila kibali ni kosa. Nunua ngozi iliyokwisha kutengenezwa.

Mshipi hukatwa kwenye ngozi ya mgongoni, yenye unene wa milimita 3 au 4. Ya tumboni huvutika na kupinda. Kisu kiwe kikali hata kinyoe nywele za mkono, na kipite mara mbili tatu pole pole juu ya ubao, kikifuata chuma kilichonyoka. Anayelazimisha kukata kwa mara moja huishia kujikata kidole, nami kovu ninalo.

Kabla ya kushona, shika bikari, mguu mmoja utambae ukingoni na wa pili uchore mstari ndani kiasi cha milimita 4. Juu ya mstari huo utie alama za matundu. Mzee hutumia uma wa kulia wali, aliounyoosha na kuuchonga meno yake: huukandamiza, kisha hulitia jino la kwanza katika alama ya mwisho na kukandamiza tena, na hivyo nafasi haziachani. Alama zisikaribiane kuliko milimita 4 kwa kazi nzito. Kisha kila alama hutobolewa kwa chuma chembamba kilichosimama wima. Kikilala kidogo tu, mshono utanyoka mbele na nyuma utakwenda kama mlevi. Vipande vyangu vinne vya kwanza vilikuwa hivyo, mzee akavitupa uani bila neno.

Uzi hukatwa mara nne ya urefu wa mshono, hupakwa nta ya nyuki, na kila ncha hutiwa sindano butu. Kazi hubanwa baina ya magoti kwa mbao mbili. Sindano moja hupita tundu la kwanza, uzi ukasawazishwa nusu kwa nusu. Katika tundu la pili huanza sindano ya kushoto. Ikishapita, ya kulia huingia tundu lile lile ikitoka upande wa pili, bila kuuchoma uzi uliokwisha kupita. Mikono miwili ikavuta pamoja kwa nguvu sawa. Utaratibu usigeuzwe katikati: iliyoanza kushoto na ianze kushoto mpaka mwisho. Ukifika mwisho rudi nyuma matundu matatu, kisha ukate.

Faida yake niliiona kwa macho. Mshono wa cherehani ni nyuzi mbili, mmoja juu na mmoja chini, zilizokamatana katikati. Mmoja ukilika, jirani zake hulegea. Huu wa mkono ni uzi mmoja unaopita kila tundu mara mbili. Mzee alikata pindo moja la mshono wangu kwa wembe, akanipa nivute. Nilivuta hata vidole vikaniuma. Haukuachia.

Kumalizia ni subira tu: kingo hupigwa msasa, hutiwa maji kidogo, na husuguliwa kwa pembe laini au kipande cha mpingo mpaka zing'are. Na kwa unyevu wetu wa pwani, usiifungie ngozi katika mfuko wa plastiki, itaota ukungu. Ikilowa, ikauke kivulini.

Nilishona mishipi miwili na vifuko vitano vya funguo, ndipo mzee aliponiruhusu kuugusa mkoba. Tukaukata ukingo uliochanika, tukauunga kwa ukanda mpya, na nikatwaa siku mbili kushona ubavu ambao yeye angeumaliza baina ya adhuhuri na alasiri. Rangi ya ukanda haijafanana, ni nyeupe bado. Ubavu wa pili sikuugusa. Mshono wa yule fundi wa Siyu ungali umekaza.

Mzee aliupokea, akautia tofali mbili ndani, akautundika kwenye msumari wa mlango na kuingia kusali. Alipotoka ulikuwa ungali pale.

"Haya," akasema, "kauchukue msahafu wako."