Datsun ya zamani: anza na bati, injini isubiri

Pale Malaba, mpakani mwa Kenya na Uganda, foleni ya malori huwa na chuma cha kila umri. Lori kuukuu ambalo kabini yake imeliwa na kutu, mlango umefungwa kwa kamba ya katani, bado hubeba mzigo na kuvuka mpaka, kwa sababu chini yake ipo chesisi: mihimili miwili ya chuma kinene iliyobeba injini, ekseli na kabini yenyewe. Kabini ikiisha, hutafutwa nyingine, ikafungwa kwa bolti, safari ikaendelea. Macho yaliyozoea lori huhamishia kanuni hiyo kwenye gari dogo, yakaamini kwamba injini ndiyo gari na bodi ni nguo tu. Kwa gari la michezo la miaka ya 1970 imani hiyo ni potofu. Datsun 240Z, tuseme, haina chesisi ya kujitegemea. Bati lake, ambalo sehemu nyingi unene wake haufiki milimita moja, limekunjwa na kuunganishwa kwa mamia ya vitone vya kuchomelea hadi likawa mifupa na ngozi kwa wakati mmoja. Boriti iliyo chini ya mlango ikioza, gari limepoteza uti wa mgongo. Ndiyo maana nasema kwamba anayetaka kulifufua gari la namna hii nyumbani kwake, awe Molo, Tororo mjini au Busia, aanze na bati, amalizie fedha nyingi kwenye bati, na injini aiache isubiri zamu yake.

Natumia 240Z kama mfano kwa sababu ni gari ambalo Afrika Mashariki ina haki ya kulidai kuwa lake kwa kiasi fulani. Mwaka 1971 Edgar Herrmann na Hans Schüller walishinda nalo Safari Rally, na gari la pili kufika lilikuwa 240Z nyingine, ya Shekhar Mehta, kijana mzaliwa wa Kampala. Mwaka uliofuata Idi Amin aliwapa Waasia siku 90 kuondoka Uganda, na Mehta akahamia Kenya. Mwaka 1973, mashindano hayo yalipoingizwa kwa mara ya kwanza katika ubingwa wa dunia wa magari, Mehta alilingana alama za adhabu na Harry Källström, naye pia akiwa kwenye Datsun, sare ikavunjwa kwa kanuni, Mehta na 240Z yake wakapewa ushindi. Kabla ya 1974 Safari haikuwa ya Kenya peke yake. Ilivuka mipaka ya nchi zetu, na ilikimbizwa wakati wa Pasaka, mvua za masika zikiwa zimeanza, kwenye barabara za murami na tope. Sifa ya Datsun ilijengwa pale, kwa macho ya watu waliosimama kando ya njia. Tope lile lile lililoijengea sifa ndilo pia linaloiua, kama tutakavyoona.

Kwanza hesabu ya uhaba. Kenya hairuhusu gari lililotumika kuingia likiwa limepita miaka 8, na Uganda mwaka 2018 ilipitisha sheria ya kuzuia magari yaliyotimiza miaka 15 tangu yatengenezwe. Kwa utaratibu wa kawaida, basi, bodi ya gari la michezo la mwaka 1972 haiji tena kwa meli hadi Mombasa. Zilizopo ni zile zile zilizobaki. Injini ni hadithi nyingine kabisa. Ile ya 240Z, iitwayo L24, silinda sita kwenye mstari mmoja, sentimita za ujazo 2,393, ni ya ukoo wa injini za L ambao Nissan iliuweka kwenye magari mengi ya kawaida kwa miaka mingi. Ndugu yake mkubwa, L28, ilifungwa hata kwenye Nissan Patrol ya miaka ya 1980, gari ambalo watu wetu wanalijua kama wanavyoijua baiskeli. L28 huingia mahali pa L24 bila kukata bati. Kwa maneno mengine, moyo wa gari hili la fahari unaweza kuchimbuliwa kutoka kwenye Patrol iliyolala nyuma ya gereji, lakini ubavu wake hauuzwi popote kati ya Busia na Jinja. Mwenye akili hutumia fedha yake kwanza kwenye kitu kisichoweza kununuliwa kesho.

Hapo ndipo unapoibuka ubishi wa kwanza, na una uzito: kutu ni ugonjwa wa Mombasa na wa Ulaya, kwenye chumvi ya bahari na chumvi inayomwagwa barabarani wakati wa theluji, huku bara, zaidi ya mita elfu moja juu ya bahari, gari litaoza kwa nini? Ni kweli kwamba chumvi huharakisha kutu. Lakini chumvi haianzishi kutu. Kinachohitajika ni maji na hewa, na Tororo ina misimu miwili ya mvua kila mwaka. Boriti ya chini ya mlango ni bomba lenye uwazi ndani. Kiwandani iliachiwa matundu madogo upande wa chini ili maji yatoke. Gari likipita kwenye murami, tope jembamba huingia humo, hukauka, huziba matundu, na tangu siku hiyo kila mvua hukuta sifongo la kuyahifadhi maji yake. Nje rangi yaweza kubaki nzima kwa miaka huku ndani bati likigeuka biskuti. Ongeza desturi yetu ya kuegesha gari bovu chini ya mwembe: majani huziba njia ya maji iliyo chini ya kioo cha mbele, maji yakashuka ndani hadi kwenye sakafu chini ya zulia. Betri nayo, ambayo kwenye 240Z hukaa juu ya kisahani cha bati karibu na ukuta wa injini, ikivuja asidi kidogo kidogo hukila kisahani hicho, kisha ikashuka kwenye mhimili ulio chini yake. Hakuna bahari hata moja katika habari hii.

Kuupima uozo hakuhitaji mtambo. Sumaku ndogo, ya spika mbovu ya redio, ikifungwa kwenye kitambaa ili isikwaruze rangi, hupitishwa polepole juu ya madigadi, nyuma ya mlango, na pembeni mwa tairi la nyuma. Penye bati hushika. Penye puti huteleza na kuanguka. Kisha bisibisi: igonge kwa mpini kwenye boriti na usikilize. Bati zima hulia. Lililooza hutoa sauti butu, kama debe lenye unga. Mwisho, fungua mlango hadi katikati na uunyanyue kwa mkono mmoja. Ukicheza, angalia kama ni bawaba zilizolika au ni nguzo yenyewe inayosogea. Kama pengo kati ya mlango na bodi ni jembamba juu na pana chini, huenda gari limeanza kujikunja katikati, na hapo injini nzuri kiasi gani haitasaidia kitu.

Mafundi wa jua kali wa mpakani wanajua kuchomelea, na sitaki kuwadharau. Mikono yao ndiyo iliyoziweka barabarani gari nyingi ambazo vitabu vya mtengenezaji vilikwisha kuziaga. Ila ujuzi wao mwingi ni wa chuma kinene: geti, trela, dirisha la nyumba. Mashine ya rodi inayofaa geti hutoboa bati la Datsun kabla fundi hajainua mkono. Kinachotakiwa ni mashine ya waya mwembamba yenye gesi, na uchomaji wa kitone kimoja hapa, kingine shubiri moja mbele, kisha kungoja bati lipoe kabla ya kurudi kati. Ukiufuata mstari mfululizo, joto litalikunja bati kama chapati iliyoachwa jikoni. Kosa jingine ni kiraka cha mabati ya kuezekea. Hupatikana kila duka la vifaa na hukatika kirahisi, lakini yamepakwa zinki: ikichomwa hutoa moshi mweupe unaoleta homa kwa anayeuvuta, na kiungo hutoka na vitundu kama mkate. Chukua bati jeusi la chuma laini la unene wa bati la zamani, lichore kwa kufuatisha karatasi ngumu ya boksi, likunje taratibu. Na kabla ya kukata boriti iliyooza, chomelea vyuma vya muda kuvuka nafasi ya mlango ili gari lisijikunje likiwa limekatwa. Hatua hii hurukwa mara nyingi, na kosa hilo ndilo lisilo na marekebisho.

Ubishi wa pili hutoka kwa wanaopenda sauti ya injini, ambao ni wengi na wana haki yao. Wanasema mtu akifanya kazi ya kutu miaka miwili bila kusikia gari likinguruma, atachoka, na watu wa nyumbani wataanza kuita ule mzigo vyuma vikuukuu. Nawakubalia nusu. Mwanzoni ni sahihi kuijua hali ya injini: toa plagi, mimina kijiko cha oili kwenye kila silinda, iache usiku kucha, kisha izungushe kwa spana kwenye krenki bila kulazimisha. Ikizunguka, ipime mgandamizo wa silinda, uandike namba sita kwenye daftari, ufunge matundu, uiweke kando. Hiyo ni kazi ya siku mbili. Kuifumua na kuijenga upya mapema ni jambo tofauti. Injini iliyojengwa upya kisha ikakaa uani miaka mitatu ikingoja bodi huanza kuchakaa bila kutembea: kuta za silinda hushika kutu nyepesi, sili za mpira hukauka, utando wa oili kwenye beringi hushuka wote. Fedha iliyolipiwa pistoni na gasketi hulipwa mara mbili.

Wapo pia wanaoshikilia usafi wa asili, wanaosema 240Z yenye injini ya Patrol si 240Z tena. Kwa maonyesho kama yale ya Concours d'Elegance ya Nairobi, ambako majaji hukagua hadi bolti, wana hoja. Lakini sheria yenyewe inaliona gari kama nilivyolieleza. Injini ikibadilishwa, namba mpya huandikishwa na logbuku hurekebishwa. Namba ya chesisi haibadilishwi hivyo, na kwenye 240Z namba hiyo imepigwa kwenye bati la ukuta unaotenganisha injini na abiria. Fundi akikata ukuta ule kwa kuwa umeshika kutu, akautupa, amekitupa kitambulisho cha gari, na polisi wa pande zote mbili za mpaka watakuwa na maswali ya haki. Injini ya kuazima yaweza kutolewa siku ile ya asili itakapopatikana. Bati lenye namba halirudi.

Kuhusu gharama niseme wazi, maana kuna dhana kwamba kazi ya nyumbani ni njia ya kutajirika. Miaka ya 1990 Nissan yenyewe, yenye michoro, mashine na ghala la spea, ilijaribu kununua 240Z kuukuu Marekani, kuzifanya upya na kuziuza kupitia mawakala wake. Magari yaliyotoka hayakufika hata 50 kabla ya mpango kufungwa. Kama mtengenezaji aliona hesabu ni nzito, mtu wa Molo asijidanganye kwamba atauza apate faida. Kuna gharama za mpakani pia. Utaratibu rahisi wa Jumuiya ya Afrika Mashariki huwapunguzia wafanyabiashara wadogo usumbufu kwa mizigo isiyozidi dola 2,000, lakini ni kwa bidhaa zilizozalishwa ndani ya jumuiya. Kabureta ya Kijapani iliyonunuliwa Nairobi haiingii humo, hata ikibebwa kwenye kapu la bodaboda, usafiri ambao inasemekana jina lake lilizaliwa papa hapa mpakani. Kinachobaki upande wa faida ni saa za mwenye gari, ambazo hajilipi. Saa hizo huzaa zaidi kwenye bati kuliko kwenye injini, kwa sababu kusaga silinda na krenki ni lazima kupelekwa kwa mwenye mashine, ilhali kukwangua, kukata, kukunja na kupiga msasa ni kazi ya mikono na subira.

Rangi ndiyo sehemu ya bodi ambayo nashauri isifanyiwe nyumbani. Rangi za zamani zaweza kuwa na risasi, kwa hiyo msasa upigwe ukiwa na maji, mbali na watoto na kuku. Rangi za sasa zinazochanganywa na kigumishi hutoa mvuke wenye kemikali ziitwazo aisosaianeti, ambazo huweza kumwachia mtu pumu ya kudumu. Barakoa ya kitambaa haizizuii hata kidogo. Piga praima, kisha mpelekee mwenye chumba cha kupuliza rangi na vifaa vya kupumulia.

Kabla ya kulipeleka, lala chini ya gari na tochi. Pitisha waya kwenye kila tundu la kutolea maji kando ya boriti mpya, maana mchomeleaji huziba nusu yake bila kujua, na lililozibika ulitoboe tena kwa drili. Ndani mwa boriti pulizia nta ya kuzuia kutu hadi ianze kuchuruzika matunduni. Ikishakauka, mimina kikombe cha maji juu, karibu na kioo cha mbele, uhesabu yanakotokea chini.