Matembezi Katikati ya Mji wa Dar es Salaam

Mtu wa bara afikapo Dar es Salaam mara ya kwanza hushangazwa na mengi: wingi wa watu, kelele za magari, na majumba marefu yazibayo jua. Katika hesabu ya watu ya mwaka 2022 mkoa huu ulikuwa na watu 5,383,728. Lakini atazamaye ukubwa tu huona nusu ya mji. Katikati ya majumba mapya yamesimama majengo ya zamani, mengine mafupi, nayo yana habari nyingi kuliko yale marefu. Tena yako karibu karibu, hata mwenye miguu mizima aweza kuyazungukia kwa siku moja, na njaa impatapo hatakosa mahali pa kula.

Katika somo hili tutatembea pamoja. Tutaona yaliyojengwa, tutajua ni nani aliyeyajenga na kwa nini. Nanyi wasomaji, mkiwa njiani, shikeni swali moja moyoni: mji humkumbuka nani, nao humsahau nani?

1. Nyumba mbili za Sultani

Twaanza pwani, maana mji wenyewe ulianza pwani. Hapo kale palikuwa na kijiji cha wavuvi kiitwacho Mzizima. Katika miaka ya 1860 Seyyid Majid bin Said, Sultani wa Unguja, aliipenda bandari hii, kwa kuwa mlango wake ni mwembamba na maji ya ndani yametulia. Akaanza kujenga mji, nao ukaitwa Dar es Salaam, maneno ya Kiarabu ambayo maana yake ni nyumba ya amani. Wengine husema jina la kwanza lilikuwa Bandar es Salaam, yaani bandari ya salama. Majid alifariki mwaka 1870, kazi haijaisha. Ndugu yake Barghash, aliyemrithi, hakuushughulikia mji huo, na nyumba nyingi zikaachwa zichakae.

Katika zilizosalia, mbili twaweza kuziona hata leo. Ya kwanza ni Boma la Kale, katika barabara ya Sokoine, lililojengwa mwaka 1866 na 1867 kwa ajili ya wageni wa Sultani. Mlango wake umechongwa nakshi kwa mtindo wa Unguja. Kuta zake ni nene, nazo ni za mawe ya matumbawe yaliyounganishwa kwa chokaa. Na chokaa yenyewe hupatikana kwa kuyachoma matumbawe kwa kuni nyingi. Dari imeshikwa na boriti za mikoko. Sasa fikirini: boriti ya mkoko si ndefu sana, kwa hiyo fundi wa pwani hakuweza kujenga chumba kipana kuliko boriti yake. Ndiyo sababu vyumba vya nyumba za kale za pwani ni virefu na vyembamba. Mti ndio uliompimia fundi upana wa chumba.

Nyumba ya pili yaitwa Nyumba ya Atiman. Nayo ilijengwa zamani za Seyyid Majid, na mwaka 1922 ikanunuliwa na Mapadre Weupe. Huyo Adrian Atiman ni nani? Alizaliwa Afrika ya Magharibi, karibu na mto Niger. Alipokuwa mtoto alikamatwa, akauzwa utumwani, akavushwa jangwa mpaka Algeria, na huko mapadre wakamkomboa kwa fedha. Akasomeshwa uganga wa kizungu katika kisiwa cha Malta. Mwaka 1889 alifika Karema, ukingoni mwa Ziwa Tanganyika, akakaa huko akitibu wagonjwa hata alipofariki mwaka 1956. Basi nyumba iliyojengwa na mfalme leo yaitwa kwa jina la mtoto aliyeuzwa kama mbuzi.

2. Makanisa yaonekanayo kutoka baharini

Mwaka 1887 kampuni ya Wadachi iliweka kituo hapa, na mwaka 1891 serikali yao ikafanya Dar es Salaam kuwa makao yake makuu. Kati ya mwaka 1897 na 1902 yakajengwa makanisa mawili makubwa yaelekeayo bandari. Moja ni la Kilutheri, liitwalo Azania Front, lenye mnara wa kengele na mapaa ya vigae vyekundu kama makanisa ya Udachi ya kusini. La pili ni kanisa kuu la Kikatoliki la Mtakatifu Yosefu, lenye mnara mrefu uliochongoka na madirisha yenye vichwa vyembamba. Kwa miaka mingi nahodha aliyeingia bandarini aliiona minara hiyo kabla ya majengo mengine. Leo majumba ya ghorofa nyingi yameipita kwa urefu, lakini sauti ya kengele zake ingali yasikika.

3. Chakula nacho ni historia

Mpaka hapa miguu imechoka. Basi tukae tule.

Katika Kiswahili neno hoteli si mahali pa kulala wageni tu. Mara nyingi ni mahali pa kula. Neno mkahawa lina kahawa ndani yake, maana hapo zamani watu walikwenda kunywa kahawa na kuzungumza. Hata leo utamkuta muuza kahawa akipita njiani na dele lake juu ya makaa, akigonganisha vikombe vidogo ili watu wajue amefika. Kahawa yake ni chungu, nawe huila kashata ili kuondoa ule uchungu.

Wako tena mamantilie. Hao ni wanawake wapikao chakula penye watu wa kazi, na jina lao limetoka katika maneno ya mteja mwenye njaa: “Mama, nitilie!” Kwao utapata wali, ugali, maharagwe, mchicha na samaki. Huko Kivukoni, penye soko la samaki, utakula samaki aliyekaangwa mbele ya macho yako. Katika mitaa iliyoitwa Uhindini utapata sambusa, bagia, kachori na chapati. Wenye fedha nyingi huingia katika hoteli kubwa, kama ile ya New Africa, iliyosimama mahali palipokuwa zamani na hoteli ya Wadachi iitwayo Kaiserhof.

Sasa tazama sahani yako. Pilau na chapati zilikuja kwa njia ya bahari ya Hindi. Mahindi ya ugali na muhogo asili yake ni Amerika. Wareno waliyafikisha mazao hayo katika Afrika. Samaki ni wa pwani hii. Mtu aketiye kula katikati ya Dar es Salaam amekula safari za majahazi na merikebu za miaka mia nyingi, naye hajui.

Lakini neno la busara. Ugeni usikusahaulishe usafi. Nawa mikono kwa sabuni na maji. Chagua mahali penye wateja wengi, kwa sababu hapo chakula hakilali. Chagua chakula kitokacho motoni, maana moto huua vijidudu vya magonjwa ya tumbo. Uliza bei kabla ya kula, wala si baada ya kula.

4. Askari na mpagazi

Twaingia sasa barabara ya Samora. Barabara hii yatufundisha kwamba majina hubadilika kama nguo. Wadachi waliiita Unter den Akazien, maana yake chini ya migunga. Waingereza wakaigeuza kuwa Acacia Avenue. Baada ya uhuru wa mwaka 1961 ikaitwa barabara ya Uhuru kwa Kiingereza, na baadaye ikapewa jina la Samora Machel, rais wa kwanza wa Msumbiji, ambaye chama chake cha kupigania uhuru, FRELIMO, kiliundwa mji huu huu mwaka 1962.

Katikati ya barabara hiyo imesimama sanamu ya shaba ya askari Mwafrika, ameshika bunduki, singe yake imeelekea bandarini. Ilizinduliwa mwaka 1927 kuwa ukumbusho wa vita kuu ya 1914 hata 1918. Mchongaji wake alikuwa Mwingereza, James Alexander Stevenson. Kabla ya vita hiyo Wadachi walikuwa wamesimamisha mjini sanamu ya Hermann von Wissmann, aliyeyapiga majeshi ya Abushiri wa Pangani. Katika sanamu ile Mzungu alisimama juu, na askari Mwafrika alikuwa chini miguuni pake. Waingereza walipouteka mji mwezi wa Septemba 1916 waliiondoa. Basi yule aliyekuwa chini akapandishwa juu.

Hata hivyo soma maandishi yaliyo chini yake, kwa Kiswahili, Kiingereza na Kiarabu. Yawataja askari, kisha yawataja wapagazi, na kusema kwamba hao walikuwa miguu na mikono ya jeshi. Askari amepata sanamu, mpagazi amepata maneno tu.

Kwa nini jeshi lilihitaji wapagazi? Kwa sababu mbung'o waliwaua farasi na ng'ombe, na barabara za magari zilikuwa chache. Mizigo ikapita juu ya vichwa vya watu. Tena mpagazi naye hula. Tufanye hesabu. Tuseme mtu mmoja amechukua kilo 25 za unga, naye hula kilo 1 kila siku. Akienda siku 10 na kurudi siku 10, atakuwa amekula kilo 20. Kilo zitakazomfikia askari ni 5 tu. Kwa hiyo kadiri jeshi lilivyokwenda mbali, wapagazi walizidi kuhitajiwa, na wengi wao walichukuliwa kwa nguvu vijijini mwao.

Wakafa kwa njaa, kwa kuhara damu, kwa homa na kwa baridi ya milimani. Upande wa Waingereza peke yake wapagazi zaidi ya 40,000 waliandikwa kuwa wamekufa, na waandishi wengi wa historia wasadiki kwamba hesabu ya kweli ni mara mbili yake. Hao ni wengi kuliko askari waliouawa kwa risasi. Wengi wao hawana kaburi lijulikanalo.

5. Kariakoo

Tukiuacha mji wa zamani wa serikali, tukapita uwanja wa Mnazi Mmoja penye mnara wa Mwenge wa Uhuru, twaingia Kariakoo. Hapa ndipo biashara ya mji ilipo. Mitaa imejaa vitambaa, viatu, masufuria, mchele, viungo na watu. Jina hili limetoka wapi? Waingereza walipouteka mji, kikosi cha wapagazi kilipiga kambi mahali hapa. Kwa Kiingereza kikosi hicho kiliitwa Carrier Corps, na midomo ya wenyeji ikalifanya jina hilo kuwa Kariakoo. Huko Nairobi pia liko soko lenye jina la asili hiyo hiyo.

Jengo kubwa la soko la Kariakoo lilijengwa katika miaka ya 1970, na mchoraji wake alikuwa Mtanzania, Beda Amuli. Alilifunika kwa mapaa yenye umbo la miavuli iliyopinduliwa, ili yakusanye maji ya mvua na kuleta kivuli na hewa kwa wauzaji. Mwezi wa Julai 2021 moto uliliharibu sana, kisha kazi ya kulitengeneza ikaanza.

Simama kidogo pembeni mwa njia. Utawaona vijana wakipita na magunia mabegani, na wengine wakivuta mikokoteni iliyojaa hata kupita kimo cha mtu. Wapaza sauti wapishwe. Wao ni wachukuzi, katika mtaa wenye jina la wachukuzi, na pengine hakuna aliyewaambia.

6. La kujifunza

Turudi sasa kwa swali letu. Mji humkumbuka nani? Humkumbuka mfalme kwa nyumba ya mawe, askari kwa shaba, na kiongozi kwa barabara. Mpagazi hakupewa jiwe wala shaba, bali jina lake limekaa vinywani mwa watu, nalo hutajwa kila siku na kila aendaye sokoni. Jiwe hubomolewa, na sanamu huondolewa, kama ile ya Wissmann ilivyoondolewa. Jina litajwalo kila siku haliondoleki upesi. Walakini jina ni ukumbusho kwa yule tu ajuaye maana yake. Kwa asiyejua, Kariakoo ni soko tu.

Kwa hiyo, mwanafunzi, ukijaliwa kufika Dar es Salaam, usiende kununua viatu tu ukarudi. Tembea, soma maandishi, uliza wazee, nawe uwe na adabu unapoingia katika nyumba za sala. Na kama huna nauli ya kwenda huko, anza hapo ulipo. Kila kijiji, kila kilima na kila njia panda ina jina, na jina hilo alilitoa mtu kwa sababu fulani. Mwulize babu au bibi sababu hiyo leo, kisha uiandike katika daftari lako. Maana mzee akiondoka kabla hujamwuliza, hakuna duka katika mji wowote liuzalo jibu hilo.