Kamio inachemka mlimani: tuanze na kifuniko



Wenye magari wanalalamika vilevile kila msimu wa kakao: "Moteri inachemka kila nikipanda kwenda Butembo." Wengine wanasema moshi unaingia ndani, abiria wanaumwa kichwa. Sisi wenye magunia tunapata hasara: mzigo unalala njiani, ao unafika unanuka moshi. Na gari ikizima katikati ya Mbau na Kamango, kila mtu anajua si pahali pa kusubiri fundi.

Moteri inachoma mazutu, lakini sehemu kubwa ya nguvu hiyo haisukumi gari. Inageuka joto, na joto hilo linatoka zaidi kwa njia mbili: maji ya radiateri na bomba la moshi.

Tuangalie kifuniko cha radiateri. Wengi wanafikiri kazi yake ni kuzuia maji yasimwagike. Hapana. Kinafungia presha ndani, na maji yaliyofungwa hivyo yanaweza kupita digrii 100 bila kuchemka. Sasa kifuniko kimepotea, shofere ameweka kitambaa na kipande cha mpira, kama tunavyoona kila siku. Butembo iko juu, zaidi ya mita 1.700. Kule maji yaliyo wazi yanachemka karibu digrii 94, na moteri nzima, isiyo na ugonjwa, inatumika karibu na joto hilo hilo. Basi gari itachemka tu! Mwenye gari anamlaumu fundi, anabadilisha pompi, anafungua kulasi, kumbe shida ni kifuniko.

Kama kifuniko ni kizuri na bado inachemka, angalia matope na nyasi mbele ya radiateri, mkanda wa feni uliolegea, na mipira inayovuja. Maji ya mvua ni afadhali kuliko ya mto, juu yale ya mto yanaacha udongo ndani. Ikichemka, simamisha, zima, ngoja ipoe kabisa mbele ya kugusa kifuniko. Mvuke ule unababua uso na mikono. Na usimwage maji baridi katika moteri ya moto: chuma kinaweza kupasuka.

Bomba la moshi nalo. Likibondeka ao likiziba, moshi unarudi nyuma, gari inakosa nguvu na joto linaongezeka. Likitoboka chini ya mzigo, moshi unapanda katikati ya mbao mpaka kwenye magunia. Kakao iko na mafuta, na mafuta yanashika harufu haraka. Kuianika tena hakutoshi kuiondoa. Mnunuzi anakata punje, ananusa, anashusha bei. Tundu linajulikana kwa masizi meusi kwenye maungio na kwa mlio mkali. Lichomelewe kwa chuma, kitambaa kitaungua.

Katika moshi ule kuna hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu. Usiwashe moteri, hata ya masini ya kusaga, ndani ya depo iliyofungwa. Mtu akisikia kizunguzungu ao kichwa kuuma, atoke nje mara moja.

Mbele ya kupakia, moteri ikiwa baridi, mwambie shofere afungue boneti akuonyeshe kifuniko. Kisha inama, angalia bomba chini ya mbao. Wewe njo unalipa safari.