Meno ya Mtoto: Kweli au Si Kweli?

Mtoto wa miaka saba akiwa na pengo, Garsen kama kwingineko, hutaniwa kuwa ni kibogoyo, kisha basi. Hakuna anayemwambia afungue kinywa.

“Meno ya utotoni yataanguka tu, hata yakioza si kitu.” Si kweli. Meno hayo 20 huwawekea nafasi yale ya ukubwani. Gego la utotoni likiwahi kung’olewa, lililo nyuma yake husogea mbele na kuinama. Jino jipya likija linakuta kwake pamekaliwa, nalo linapanda kando. Kuna meno yaliyopandana ambayo kweli ni ya ukoo, na kuna yaliyoanzia kwenye chai ya sukari.

“Gego la mtoto wa miaka sita likioza ling’olewe, litaota lingine.” Si kweli, na hapa ndipo wazazi wengi hupotea. Gego la kwanza la ukubwani hutoka karibu na miaka 6, nyuma kabisa, bila jino lolote kung’oka kulipisha. Huja kimya, hufikiriwa ni la utotoni, na halina mrithi. Washa tochi ya simu uhesabu kutoka katikati: matano ya kwanza ni mahali pa meno ya utotoni, la sita ndilo hilo.

“Meno yakitoka safu mbili, ya mbele yang’olewe haraka.” Aghalabu si kweli. Mapya ya chini hupenda kuchomoza nyuma ya yale ya utotoni, kisha ulimi huyasukuma mbele. Miezi miwili mitatu ikipita bila lile la zamani kulegea, mwone daktari.

“Mwanya ni kasoro.” Kwa mtoto wa miaka minane ni hali ya kawaida, mingi hujifunga chonge zikishatoka, kwenye miaka 11 au 12. Usipojifunga, sisi wa Pwani tunauhesabu urembo. Mimi nisingelipa hata shilingi kuuziba.

“Kuchimbua ‘meno ya plastiki’ ya mtoto mchanga huponya kuhara.” Si kweli, tena ni hatari. Kile kivimbe cha ufizi ni chipukizi la chonge. Ukilichimbua, chonge ya ukubwani yaweza kutoka imeharibika, na kidonda huweza kumuua mtoto. Anayehara apelekwe zahanati.

“Kupanga meno ni waya, na waya ni mambo ya mjini, tungoje akue.” Nusu kweli. Mabingwa wa kupanga meno wamejazana Nairobi na Mombasa, na watoto wengi hawawahitaji mapema. Lakini chama cha mabingwa hao Marekani hushauri mtoto atazamwe kabla hajapita miaka 7, kwa sababu meno ya juu yanayofungia nyuma ya yale ya chini hurekebishika kwa urahisi taya lingali linakua. Kutazamwa si kuwekewa waya.

Basi siku ukipanda gari na mwanao kwenda Hola au Malindi kwa shughuli nyingine, mpitishe kliniki ya meno, uulize habari za yale magego manne ya kwanza ya ukubwani.